Mrejesho: Futari ya rafiki Mwislamu kwenye nyumba ya Wakristo

Wakuu, niliuliza namna ya kumwandalia rafiki Mwislamu futari nyumbani kwetu Wakristo, Dar. Asanteni sana, imekwenda vizuri.

Kubwa ni jikoni. Kuku achinjwe na Mwislamu, na sufuria, mwiko na mafuta visiwe vimepitia kitimoto (nyama ya nguruwe). Mafuta ndiyo husahaulika: sufuria inasuguliwa vizuri, kisha yanamiminwa yaleyale ya jana! Tende na maji viwe mezani kabla ya adhana ya magharibi. Uji wa pilipili manga na mihogo ya nazi vifunikwe, wengine huswali kwanza. Mkeka safi uelekee kaskazini, maana kutoka Dar, Makka iko karibu kaskazini kabisa, tena ukuta wa mbele usiwe na picha ya Yesu.