Mzee anataka tai, bibi harusi hataki: nishike upande gani?

Mtoto wa Kayole

Wakuu, salamu. Ndugu yangu mdogo anaoa Desemba. Ibada ni kanisani hapa mjini, karamu ni kwenye bustani moja huko Karen. Mimi ndiye msimamizi wake, kwa hivyo mambo yote ya mavazi ya wanaume yameniangukia.

Bibi harusi ametuma picha kwenye kundi la WhatsApp: suti za kijani kilichokolea, mashati meupe, kola wazi, raba nyeupe. Tai hakuna hata moja. Kamati ikashangilia. Shangazi mmoja, Mungu amsamehe, akampelekea mzee.

Mzee wetu ni mwalimu mkuu mstaafu. Huyu ni mtu aliyekuwa akivaa tai hata wakati wa likizo akienda posta kuchukua barua. Alinipigia usiku, hakusalimu: "Mnaenda kuoa ama mnaenda matembezi?" Anasema hatakaa kiti cha mbele kutazama wanawe wakiwa vifua wazi mbele ya kasisi. Bibi harusi naye anasema picha ni zake, na amechoka na harusi ambazo wanaume wamefanana na makarani wa benki. Ndugu yangu anamjibu kila mtu "sawa".

Naomba kujua: hapa Nairobi, siku hizi, mwanamume bado anahitaji tai kwa shughuli rasmi? Na kama haihitajiki, mzee naye anaambiwaje? Tafadhali msiniambie "vaa unachopenda". Hiyo nishapewa na wanakamati ambao hata mchango hawajatoa.

Dereva wa 23

Raba nyeupe kanisani? Mimi niko na mzee.

Binti wa Donholm

Ninapanga harusi, acha niseme ninachokiona. Tai zimepungua, hilo ni kweli. Kuna wanaovaa tai za kipepeo, kuna walioshona makoti yenye vitenge kwenye ukosi, na kuna hawa wa kola wazi kama shemeji yako mtarajiwa anavyotaka. Sina neno na mtindo wowote.

Shida ya kola wazi ni kwamba watu huondoa tai halafu wakaacha kila kitu kingine kama kilivyokuwa. Shati lile la ofisini limekatwa likingoja tai. Ukiitoa, kola inakosa wa kuishikilia. Asubuhi imesimama vizuri, ikifika saa ya kukata keki upande mmoja umezama ndani ya koti na mwingine umelala juu ya ukosi. Nimewahi kumuona mpiga picha akikimbia na pini. Bwana harusi anafanana na mtu aliyetoka kugombana na kondakta.

Kwa hivyo mwambie bibi harusi: kola wazi si njia ya kupunguza kazi. Inataka shati lake.

Mlinzi wa Zamu

Mimi nalinda jengo Upper Hill. Saa kumi na mbili asubuhi niko getini na tai, jua liwake, mvua inyeshe. Mwenye jengo anaingia saa nne na fulana ya kola na viatu bila soksi. Namfungulia geti, namsalimia, tai yangu inapepea.

Angalieni mjini kote. Nani ana tai? Mlinzi, mhudumu wa hoteli, karani wa kaunta, muuzaji wa bima, mhubiri wa ndani ya basi, na watoto wa shule. Zamani tai ilikuwa ya bosi. Siku hizi ukiiona, jua kuna mtu amemwagiza huyo aivae.

Mkopo Haujaiva

@Mlinzi wa Zamu umenichekesha, lakini siku huyo mwenye jengo anaenda kuomba mkopo mkubwa, mtazame shingoni.

Mlinzi wa Zamu

Hapo sipingi. Hiyo siku hata mimi simtambui.

Wakili Mtarajiwa

Mnasema tai imekufa, Bunge halijapata habari. Novemba 2023 Spika Moses Wetang'ula alipiga marufuku Kaunda suti, ile isiyovaliwa tai, bungeni. Kwa wanaume alitaka koti, kola, tai, shati la mikono mirefu, suruali ndefu, soksi na viatu, ama sare rasmi ya kazi. Na hii ilikuwa wakati Rais Ruto mwenyewe anaonekana na Kaunda suti kila wiki. Yaani vazi la mkuu wa nchi, mbunge akilivaa anaishia mlangoni.

Na ni huyu huyu Ruto ambaye Aprili 2013 alitokea na Uhuru Kenyatta wakiwa na mashati meupe na tai nyekundu zinazofanana. Mwezi huo kila kijana Nairobi alikuwa anatafuta tai nyekundu. Kwa hivyo usidhani mambo haya yanaenda upande mmoja tu.

Jirani wa South C

Kwetu hakuna swali. Kanzu, kofia, koti juu kama kuna baridi ama kama wewe ni mzee wa upande wa bwana harusi. Unaingia nikahi unatoka, hakuna aliyekuuliza shingo. Karibuni.

Mtoto wa Kayole

@Jirani wa South C mzee akiniona na kanzu kanisani atajua nimefanya makusudi.

Daktari wa Usiku

Nyongeza ndogo kutoka kazini kwangu. Uingereza, mwaka 2007, wizara yao ya afya ilitoa mwongozo madaktari waache tai wanapohudumia wagonjwa, kwa sababu tai inagusa kila kitanda na hakuna anayeifua. Fikirieni nyie wenyewe: shati unafua kila siku, tai je? Mimi nina moja tangu nihitimu, na sijui maji yanaionaje.

Fundi wa Jogoo Road

Nimesoma yote. Mimi ni fundi, nashona Uhuru Market, na kila Desemba nazika usingizi kwa sababu ya harusi zenu. Acheni niongee kirefu kidogo kwa sababu mnabishana juu ya tai nzuri na tai mbaya kama vile ni kitu kimoja.

Tai ya kweli hukatwa mshazari. Kitambaa kinalazwa upande, si wima, ndiyo maana ukiivuta inanyooka kidogo halafu inarudi. Kuna Mmarekani wa New York, Jesse Langsdorf, aliyeipatia njia hiyo hakimiliki ya uvumbuzi miaka ya 1920, ya kukata mshazari na kuunga vipande vitatu, na mpaka leo ndivyo tai inavyotengenezwa. Zile mnazonunua zikiwa zimefungwa pamoja na shati ndani ya sanduku moja, nyingi zimekatwa kwa kubana kitambaa. Jaribu hivi: ishike kwa ncha nyembamba, iache ining'inie. Ikizunguka yenyewe kama kamba ya kisima, irudishe. Hata uifunge vipi itageuka kifuani.

Geuza nyuma. Tai nzuri ina mshono wa mkono unaopita katikati, na mara nyingi utaona uzi mmoja umeachwa mlegevu mwishoni. Huo si uchafu, usiukate! Ndio unaoiruhusu tai kunyooka bila kuchanika. Nimeshaletewa tai za hariri zimeharibiwa na mkasi wa mtu msafi. Ndani kuna kitambaa kizito kinachobeba fundo. Finya kwa vidole, ukisikia karatasi, achana nayo.

Kwa hivyo kabla ya duka la vioo, nenda Gikomba ama Toi. Kwenye mitumba utapata hariri za Italia ambazo mwenyewe alizivaa mara mbili akastaafu. Watu wanazipita kwa sababu zimejikunja. Hazihitaji pasi, pasi inazibapisha. Zining'inize bafuni wakati wa maji ya moto, mvuke utazinyoosha.

Sasa kipimo. Ncha ya tai iguse chuma cha mshipi. Ikiishia kitovuni wewe ni mwanafunzi, ikipita zipu wewe ni mwanasiasa. Upana wake uendane na upana wa ukosi wa koti: koti la ukosi mwembamba na tai pana ya mwaka 1995 havikai nyumba moja. Fundo likae juu kabisa, lifunike kifungo cha shingo. Mimi mtu akija na tai iliyolegea na kifungo wazi, namwambia avue kabisa. Hapo ndipo nakubaliana na bibi harusi: bila tai ni bora kuliko tai ya kuning'inia.

Na fundo lifunguliwe jioni. Vijana wengi walifungiwa tai wakiwa kidato cha kwanza na mtu wa kidato cha tatu, wakawa wanaivulia kichwani mpaka wakamaliza shule. Leo mtu ana miaka 35, ana tai kabatini yenye fundo la msimamizi wa harusi ya 2016.

Kwa swali lako kijana: Nairobi haina sheria moja. Mwenye shughuli ndiye mwenye sheria. Mahojiano ya kazi benki, vaa. Mahakamani, vaa. Mazishi ya mzee wa kanisa, vaa, nyeusi ama ya bluu iliyoiva. Ruracio, ile ya mahari, hapana, huko kitenge ndicho kinakaa mbele. Ofisi za serikali siku ya Ijumaa, tangu walipohimizwa 2019 kuvaa nguo za Kenya, mwenye tai ndiye anaonekana mgeni. Sherehe ya jioni ya kampuni za kompyuta kule Westlands, ukivaa tai watakuuliza umeleta chakula.

Harusi ndiyo ngumu kwa sababu ina wenyewe wawili.

Binti wa Donholm

Fundi amemaliza. Naongeza la ratiba, maana wanaume husahau. Siku ya harusi ina vipande vitatu: kanisa, picha, karamu. Kanisa ni la wazazi. Karamu ni ya vijana. Vaeni tai kwenye ibada, mzivue mkifika bustani, Karen Desemba saa nane jua si la mchezo. Nimefanya hivyo kwenye harusi kadhaa, hakuna aliyekosana.

Mtoto wa Kayole

Hiyo ya kugawanya nilishaifikiria. Lakini picha? Baada ya kanisa tunapitia bustani ya miti ya Arboretum kabla ya kwenda Karen. Hapo tuko na tai ama hatuna? Kwa sababu picha ndizo bibi harusi anazopigania, na picha hizo hizo ndizo mzee ataweka kwa fremu pale sebuleni juu ya televisheni.

Binti wa Donholm

Mkitoka kanisani, hapo hapo kwenye ngazi, piga picha za familia zote mkiwa na tai. Mzee, mama, mashangazi, na huyo shangazi wa kupeleka picha. Hizo ndizo za sebuleni. Arboretum hakuna mzazi anayekuja, wote wanakimbilia viti vya mbele kule karamu. Mkifika miti ya kwanza, tai mfukoni. Mpiga picha aambiwe mapema, si siku hiyo.

Fundi wa Jogoo Road

Ni sawa, ila shati moja lifanye kazi zote mbili. Taka kola yenye mkanda mrefu wa shingo na ncha nzito, iliyo na nafasi ya vijiti vya kola ndani. Hiyo ukifunga tai inakaa, ukivua inasimama. Na kifungo cha pili kikae juu kidogo kuliko kawaida, ukifungua cha kwanza usimwonyeshe kasisi kifua. Usinunue yale mashati ya jumla ya watano kwa bei ya mmoja.

Dereva wa 23

Na raba?

Mwanahistoria wa Mtaani

Kama mzee ni mwalimu, mwambie tai haikuletwa duniani na wamishenari wala Waingereza. Ilianzia kwa wanajeshi wa Kikroatia walioonekana Ufaransa karne ya 17 wakiwa na vitambaa shingoni, watu wa jumba la mfalme kule wakavipenda. Tena Bunge la Uingereza lenyewe, 2017, Spika John Bercow alisema tai si lazima. New Zealand walimtoa mbunge Rawiri Waititi ukumbini Februari 2021 kwa kukosa tai, alikuwa na kidani cha Wamaori, wenyeji asilia wa huko, na ndani ya siku moja sheria ikalegezwa. Tumebaki sisi kulinda kitu ambacho wenyewe wameacha.

Mkopo Haujaiva

@Mwanahistoria mkuu, huyo ni mwalimu mkuu mstaafu. Ukimpelekea hiyo aya atairudisha na wino mwekundu.

Mama Pili wa Buruburu

Vijana, mimi ni mama wa watoto waliooa. Hakuna mzee anayepigania kitambaa. Mzee anauliza kama bado ana usemi siku hiyo. Mmempeleka kwa fundi? Mmemuuliza yeye atavaa nini? Bibi harusi amechagua rangi ya suti, ya maua, ya keki, mpaka ya viti. Mwachieni baba rangi ya tai, tai zenu wote, halafu uone kama atapiga simu usiku tena. Na huyo bwana harusi aache kusema "sawa". Ni yeye anaoa.

Mtoto wa Kayole

Wakuu, nimerudi. @Mama Pili shikamoo. Nilienda kwa mzee Jumapili na ndugu yangu nikamlazimisha aongee yeye. Nikaomba mzee achague rangi. Alinyamaza, akaingia chumbani, akatoka na tai nane, akazipanga kwenye meza, akaanza kutueleza kila moja aliivaa kwenye mkutano gani wa wazazi. Saa nzima. Amechagua rangi ya maruni. Bibi harusi nimempelekea picha, amesema na kijani itakubali. Ya kugawanya kanisa na bustani amekubali bila maneno; mzee naye ameambiwa "tutavua kukiwa na joto", naye akasema mkishakula ni juu yenu. Ya Arboretum hajaulizwa wala hataulizwa.

Kilichobaki ni viatu. Mzee raba hataki hata kusikia, bibi harusi ameshalipia jozi sita. Hiyo nimemwachia bwana harusi.

Fundi, mashati sita na tai za maruni, tukija Jumamosi utatufanyia bei gani?

Fundi wa Jogoo Road

Bei tutaongea mkiwa hapa, si kwa simu. Njooni kabla ya saa nne, na mje na viatu mtakavyovaa siku hiyo. Suruali haipimwi na sandali.

Dereva wa 23

Sasa watakuja na vipi?