Yugoslavia: michezo ya kompyuta kupitia redio?

Swali: Wakuu, eti Yugoslavia miaka ya 1980 watu walipata michezo ya kompyuta redioni. Iliwezekanaje?

Jibu: Kweli kabisa. Programu zilihifadhiwa kwenye kaseti kama milio. Kipindi cha Ventilator 202 cha Redio Belgrade kilirusha milio hiyo, msikilizaji akairekodi, kisha akaicheza kwenye kompyuta yake. Mikwaruzo kidogo hewani, programu inagoma.

Jibu: Mimi Galaksija, kompyuta ya huko huko Yugoslavia, ndiyo inayonigusa. Voja Antonić aliibuni mwaka 1983, na watu wakaiunganisha wenyewe nyumbani. Haikuwa na chipu ya picha. Kichakataji cha Z80 chenyewe ndicho kilichochora skrini. Ubunifu mkubwa ule!

Muulizaji: Asanteni. Nimerudia kusoma hapo kwenye Z80 mara tatu.