Naomba ushauri: nje ya mpira sijui mimi ni nani

Wakuu habari zenu. Mimi ni beki, mpira ndo ajira yangu, kwetu Moshi ila kwa sasa nipo Arusha nauguza goti, ligamenti ilikatika, dokta kasema nisahau uwanja kwa miezi kama tisa hivi. Maumivu nayamudu, shida ni kichwa. Tangu dogo pale Majengo naitwa kwa jina la uwanjani, hata bimkubwa analitumia, sasa nikipita soko la Kilombero kila mtu "beki unarudi lini?" hakuna anayeuliza kingine na mimi mwenyewe sina kingine cha kujibu. Mertesacker wa Ujerumani, bingwa wa dunia 2014, alishasema presha ilikuwa inamtia kichefuchefu kabla ya mechi, namwelewa sana yule jamaa, maana (msinicheke) kuna asubuhi naamka nafurahi kwamba sichezi. Bro anasema nianze ukocha, leseni ya CAF D, mzee anataka nirudi kwenye kahawa Kibosho. Mliowahi kukaa nje muda mrefu mlijitafutaje? Na hili la kufurahi nimwambie wife au nikaushe tu?