Kubandikwa dawa Julai ili usikohoe Desemba: naomba ushauri wa wanaoijua tiba ya Kichina

Mwanatanga

Salaam wanajukwaa. Mimi ni mzaliwa wa Tanga na huu ni mwaka wangu wa pili hapa Nanjing, ambako mume wangu anasoma shahada ya uzamili. Nyumbani baridi yetu kubwa ni ya kipupwe, ambayo kanga mbili zinaitosha. Huku mji uko kusini ya Mto Huai, ambako serikali haikuweka mfumo wa kupasha nyumba joto, kwa hiyo nyumba nyingi hazina mabomba ya joto kama za Beijing, na baridi ya Januari, tena yenye unyevu, hutufuata mpaka kitandani. Tangu Desemba hadi Machi nilikuwa nakohoa. Ilipofika Aprili, miti mikubwa iliyopandwa kando ya barabara ikaanza kupeperusha manyoya yake, nami nikapiga chafya mfululizo huku macho yakiwasha. Mwanangu wa miaka 4 naye kifua humbana usiku.

Jirani yangu, mama mtu mzima ninayemwita Ayi kama wenyeji wanavyomwita, ananihimiza twende pamoja hospitali ya tiba ya Kichina mwezi Julai tukabandikwe dawa mgongoni, kisha mwakani nichomwe sindano za akupancha, zile nyembamba zisizo na dawa ndani, kabla ya msimu wa chafya. Ni mtu mwema na sitaki kumvunja moyo, lakini sitaki pia kumpeleka mtoto kwenye jambo nisilolielewa. Je, tiba hizi zinasaidia kweli?

Tabibu wa Upanga

Pole sana, dada. Nilisomea tiba ya Kichina hukohuko China kwa miaka 5 kabla ya kurejea Dar es Salaam. Naipenda kazi hii, na kwa sababu hiyohiyo sitaki uambiwe zaidi ya yale yanayojulikana.

Anachokusudia Ayi ni sanfutie. Sanfu ni siku za joto kali kuliko zote, kuanzia katikati ya Julai hadi nusu ya pili ya Agosti, na msemo wao ni kwamba maradhi ya baridi hutibiwa wakati wa joto. Huangdi Neijing, kitabu chao cha msingi chenye umri wa miaka 2,000 na zaidi, kinaagiza mtu alilee joto la mwili, yaani yang, katika majira ya kuchipua na ya joto, na alilee yin, yaani ubaridi na unyevu wa mwili, katika majira ya majani kupukutika na ya baridi. Hoja yao ni kwamba vinyweleo vikiwa wazi na damu ikikimbia, dawa ya moto hupenya na kuondoa baridi iliyojificha mapafuni.

Nilipokuwa mwanafunzi nilikoroga dawa hiyo kwa mikono yangu: unga wa mbegu za haradali nyeupe, mzizi uitwao xixin na vitu vingine viwili, vyote vikakandwa kwa maji ya tangawizi mbichi hadi vikashikana kama ugali mgumu. Tulikuwa tukifinyanga vidonge vya ukubwa wa sarafu na kuvibandika chini ya shingo na pande mbili za uti wa mgongo, mara moja kila baada ya siku 10 hivi. Ngozi huwaka, na kwa baadhi ya watu hutoka malengelenge. Usikubali kuambiwa kwamba lengelenge kubwa ndiyo dalili ya dawa kufanya kazi. Likianza kuuma, bandua, hata kama saa zako hazijatimia. Kuhusu manufaa, majaribio mengi yamefanyika China, lakini mengi ni madogo na hayakuwa na kundi zuri la kulinganishia, kwa hiyo siwezi kukuahidi Desemba isiyo na kikohozi.

Sindano zina ushahidi bora kidogo, hasa kwa chafya zako za Aprili. Mwaka 2013 yalichapishwa matokeo ya jaribio la Ujerumani lililohusisha watu 422 wenye mzio wa chavua. Waliochomwa sindano za kweli mara 12 katika wiki 8 walipata nafuu na kupunguza vidonge vya mzio kuliko waliochomwa sindano za kuigiza, lakini tofauti yenyewe haikuwa kubwa, na baada ya wiki 16 haikuonekana tena. Mwaka 2015 mwongozo wa madaktari wa masikio, pua na koo wa Marekani ulisema daktari anaweza kumpa mgonjwa tiba hiyo akipenda njia isiyo ya dawa. Nami ndivyo ninavyoipokea: ni msaada wa msimu, na haiponyi mzio.

Sindano ikifika mahali pake utahisi uzito na ganzi, na aina fulani ya maumivu ambayo Wachina huyaita kwa neno lilelile la uchachu. Hakikisha pakiti inafunguliwa mbele ya macho yako na kwamba sindano hutumika mara moja tu. Kifuani na mabegani iingie kwa kina kidogo sana, kwa maana pafu limewahi kutobolewa na watu wasio na ujuzi.

Mtoto ni suala jingine kabisa. Kifua kinachobana usiku kinaweza kuwa pumu, kwa hiyo daktari wa watoto amsikilize kwanza. Akipewa dawa ya kuvuta, plasta yoyote isichukue nafasi yake.

Mkaazi wa Temeke

Daktari, samahani kwa kuingilia. Sisi tulioko Dar, Julai yetu ndiyo kipupwe. Tubandikwe lini?

Tabibu wa Upanga

Ndugu yangu, swali lako ni zito kuliko lilivyo fupi. Ile kalenda ya Wachina ya vipindi 24 vya jua, inayosaidia kupanga siku za sanfu, na ambayo UNESCO iliiingiza katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika mwaka 2016, ilitokana na kuitazama ardhi ya bonde la Mto Manjano, yenye theluji na majani yanayopukutika. Nikikubandika Julai hapa Temeke nitakuwa nimeshika tarehe na kuacha maana yake. Ndiyo sababu sitoi sanfutie hapa. Kinachosafiri bila kuharibika ni mazoea: kula cha moto kukiwa na baridi, kulala mapema, na kutojilaza mbele ya feni ukiwa na jasho.

Bi Lamu

Mdogo wangu Mwanatanga, mimi niko Guangzhou mwaka wa 6 katika biashara ya vitambaa. Huku kila mtaa una kibanda cha liangcha, chai ya mitishamba iliyo chungu kama mwarobaini. Mwanzoni niliinywa kila siku nikidhani ni kinga, hadi tumbo likanivuruga. Muuzaji mwenyewe ndiye aliyenikataza, akisema hiyo hunywewa koo likiwaka, na mwenye tumbo dhaifu au mjamzito aiache.

Msimu wa baridi watakushauri ule ejiao kuongeza damu. Hiyo ni gundi itokanayo na ngozi ya punda. Mimi ni mtu wa Lamu, na kwetu punda ndiye anayebeba maji, mchanga na mgonjwa. Machinjio ya punda yalipofunguliwa Kenya, watu waliamka asubuhi wakakuta zizi tupu. Tanzania ilipiga marufuku uchinjaji huo mwaka 2022, na Februari 2024 Umoja wa Afrika ukazuia biashara ya ngozi zake. Siili, na ninapoikataa naeleza kwa nini. Badala yake nachemsha uji wa mchele na tangawizi na zile tende nyekundu za Kichina, na usiku naloweka miguu katika maji ya moto kabla ya kulala. Jioni za Januari hilo limenifaa kuliko kitu chochote nilichonunua.

Mfamasia Unguja

Naongeza machache. Mwambie daktari kila mtishamba unaotumia. Mzizi wa danshen humzidishia anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, hatari ya kutoka damu, na mmea wa mahuang hupandisha shinikizo la damu. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 wanawake waliokuwa wakipunguza uzito Brussels waliharibika figo kwa sababu ya mmea wa jamii ya Aristolochia uliochanganywa kimakosa. Xixin iliyotajwa hapo juu ni ya ukoo huohuo. Kwenye ngozi, chini ya uangalizi, ni jambo moja; usikubali kupewa ya kuchemsha nyumbani.

Mwanatanga

Ahsanteni nyote. Mtoto amepimwa, amepewa dawa ya kuvuta, na usiku wa jana alilala bila kuinuka kwa kubanwa kifua. Mimi nimekwenda na Ayi. Tulifika saa kumi na mbili asubuhi tukakuta foleni imeshazunguka jengo, akina mama wengi wakijipepea kwa pepeo za karatasi. Nilivumilia saa mbili, ngozi ikaanza kuwaka, nikabandua, na Ayi hakukasirika. Imebaki alama nyekundu chini ya shingo, na maji ya kuloweka miguu nimeshanunulia beseni.