Wakuu, naomba ushauri: kwa Kiitaliano, "vediamo" au "ci vediamo" nikipanga kukutana na mtu?

MgeniBologna: Wakuu, habari za jioni. Nipo Bologna, kesho nina miadi na mtu. Niandike "vediamo", "mi vedo" au "ci vediamo"? Vitenzi rejeshi vinanichanganya, na muda unakwenda.

Kiambishi: "Ci vediamo", mkuu. "Mi vedo" peke yake ni kujiona. Ukitaka nafsi ya umoja, ongeza con (na): "mi vedo con Giulia alle sei". Ile "-ana" yetu ya kuonana, Waitalia wanaitanguliza: ci. Wakati uliopo unatosha hata kwa kesho: "Ci vediamo domani alle sei." Ukipendekeza, ci inahamia nyuma: "vediamoci". Kukiwa na potere (kuweza), kokote inakubalika: "possiamo vederci" au "ci possiamo vedere".

Bi Sarufi: Vijana mnapenda njia ya mkato. Ashike safu nzima kwanza: mi, ti, si, ci, vi, si. Kisha wakati uliopita, maana hapo kitenzi kisaidizi ni essere (kuwa), si avere (kuwa na): "ci siamo visti". Wakiwa wanawake watupu, "ci siamo viste".

Forodhani: Asichanganye na "ci sentiamo". Hiyo ni kupigiana simu au kuandikiana, hakuna miadi hapo. "Ci troviamo" inafaa mkitaja mahali: "ci troviamo davanti alla stazione". Na "ci vediamo" bila siku wala saa mara nyingi ni kuagana tu.

Kiambishi: Mleta uzi, unakutana na nani? Rafiki au mtu wa heshima? Umeshaandika chochote?

MgeniBologna: Ni mwenye nyumba, mama wa makamo. Naenda kuona chumba. Ujumbe nimeshatuma: "Vediamo domani alle due." Nataka saa mbili usiku, nikitoka kazini. Kajibu: "Va bene, mi faccia sapere." Naona ameelewa, nitakwenda tu.

Forodhani: Hajaelewa. "Vediamo" bila ci ni "tutaangalia", lugha ya mtu ambaye hajaamua. Ndiyo maana anakwambia umjulishe. Halafu "alle due" kwao ni saa nane mchana. Saa mbili usiku yetu ni "alle otto di sera", na kwa maandishi "alle 20".

MgeniBologna: Nikituma tena ataniona msumbufu, na vyumba hapa ni vya kugombania. Si muktadha unajieleza?

Mchunguzi: Hii ni chai. Unafanya kazi Italia halafu unachanganya saa? Ratiba za treni zote zimeandikwa 14 na 20. Hili ni zoezi la darasani, anataka tumfanyie.

Bi Sarufi: Tazama jibu la huyo mama. "Faccia" ni ya Lei, yaani "wewe" ya heshima, na ndilo jibu hasa ambalo "vediamo" ingeleta. Asiyejua kazi ya ci angelibuni vipi?

Mchunguzi: Aliyelibuni ni mwalimu wake. Weka picha ya ujumbe, ficha namba.

MgeniBologna: Siweki mazungumzo ya mama wa watu mtandaoni.

Kiambishi: Chai au si chai, tuma hivi usiku huu huu:

"Buonasera signora, mi scusi: intendevo le 20, non le 14. Possiamo vederci domani alle 20 davanti al portone? Se per Lei è tardi, mi dica quando Le va bene."

Usiandike "ti va bene", humzoei. Lakini ci inabaki ileile hata kwa mtu wa heshima, kwa sababu inawahesabu nyote wawili. Na ile sentensi ya mwisho, ya kumwambia achague saa kama amechelewa, usiifute: kwa mtu wa makamo, saa hiyo huenda ni ya chakula cha usiku.

MgeniBologna: Portone ni mlango wa jengo au wa kwake ndani?

Forodhani: Wa jengo, upande wa barabarani. Mwombe pia jina lililoandikwa kwenye kengele, "che nome c'è sul citofono?", maana mara nyingi utakuta majina ya wakazi, si namba za vyumba.