Gumzo la familia: viwavi wameingia shamba la bondeni

Mama Upendo: Shikamooni wakubwa, wengine hamjambo. Jamani mahindi ya bondeni yameanza kutobolewa, yani majani yana matundu kila mahali, nimefunua pale kwenye moyo wa mhindi nakuta uchafu kama vumbi la mbao. Picha hizo

Mama Upendo: [picha]

Festo: Dah pole shem. Viwavijeshi hao. Jioni natoka Iringa mjini napitia duka la pembejeo nachukua dawa, nani ana hela?

Neema (Dar): Natuma 30 saa hii hii, chukua ile kali kabisa

Shangazi: Neema mwanangu usitume kwanza. Na Festo usinunue kitu. Mama Upendo mtafute mdudu mwenyewe umpige picha kichwani, sogeza simu karibu

Baba Mdogo: Sasa dada tunasubiri nini na wadudu wanakula? Jirani yangu kapulizia tangu jumapili

Shangazi: Jirani yako kapulizia saa 6 mchana jua kali na dawa ya kopo lisilo na lebo, nenda kaangalie shamba lake leo uniambie. Yule kiwavi mchana anajificha ndani kule kwenye moyo wa mhindi, dawa inaishia juu ya majani inakauka na jua. Bibi shamba, yule afisa ugani wetu, alitufundisha kwenye shamba darasa, lile shamba la kujifunzia, ukipulizia iwe asubuhi sana au jioni jua likipoa na mdomo wa bomba uuelekeze mle ndani. Tena akiwa mkubwa dawa nyingi hazimgusi, wa kumuwahi ni yule mdogo

Mama Upendo: [picha]

Mama Upendo: Huyu hapa

Shangazi: Mnaona hiyo alama ya Y imepinduliwa usoni? Na kule karibu na mkia ana madoa manne yamekaa mraba. Ndo yeye, kiwavijeshi vamizi. Huyu sio yule wa zamani wa kupita makundi makundi, huyu asili yake bara la Amerika, hapa Tanzania kaingia 2017

Festo: Kwahyo shangazi tunafanyaje, tunamuangalia tu?

Shangazi: Tunahesabu. Nimeongea na bibi shamba sasa hivi kasema kesho asubuhi Mama Upendo uingie shambani utembee zigizaga, usimame sehemu 5 tofauti, kila sehemu uangalie mahindi 20, andika ni mangapi yana dalili mpya za kuliwa. Jumla mahindi 100. Kwa mahindi madogo kama yale yakifika 20 ndo tunapulizia. Yakiwa chini ya hapo tunaokota kwa mkono na kuponda mayai. Geuza majani uangalie chini yake, mayai yanakaa kichungu, yani rundo dogo, kimefunikwa na kitu kama pamba, kichungu kimoja kinaweza kuwa na mayai 100 na zaidi kwahyo ukiponda kimoja umeokoa mengi sana

Baba Mdogo: Dada mimi nauliza kwa nia njema kabisa, huyo bibi shamba mbona huku kitongojini kwetu hatumuoni? Tunasikia tu ana pikipiki

Shangazi: Mdogo wangu swali la haki hilo. Yeye ana vijiji vitatu. Vijiji vya nchi hii vinazidi elfu 12 na ile 2022 wakati serikali inawagawia pikipiki maafisa ugani nchi nzima walikuwa kama elfu 7 tu, sasa piga hesabu mwenyewe hata kila kijiji na wake hawatoshi. Na pikipiki bila mafuta haitembei, kuna wiki anajaza kwa hela yake ya mfukoni. Ukimngoja akufikie nyumba kwa nyumba mahindi yataisha yote. Ndo maana akatuchagua wakulima wawezeshaji, anatufundisha sisi wachache pale shamba darasa na sisi tunapeleka kwa wengine. Wewe nimekualika mara ngapi kwenye shamba darasa?

Baba Mdogo: Sawa dada nimekuelewa. Ila na yeye aje upande huu wa bondeni

Neema (Dar): Mimi naunga mkono. Mnakumbuka mwaka juzi yale mahindi mliyonitumia Dar yaliota ukungu ndani ya gunia? Mwaka jana wifi kafata lile somo la chupa na chumvi, na yakaingia kwenye mifuko ya kinga njaa, ile isiyopitisha hewa, tumekula mpaka mwezi wa 12 hakuna hata funza mmoja

Festo: Chupa na chumvi ndo nini?

Mama Upendo: Unachukua chupa ya soda kavu kabisa unaweka chumvi kavu vijiko 2 au 3 na punje za mahindi kama theluthi ya chupa, unatikisa dakika kama 2 unaiacha robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa mahindi hayajakauka, rudisha kwenye turubai. Isipoganda weka ghalani. Halina gharama na linaokoa maisha shem, mahindi yenye unyevu yanaota ukungu wenye sumukuvu na hiyo haitoki hata ukipika. 2016 kule Dodoma na Manyara watu walikufa

Festo: Aisee. Sikujua kama ni hatari hivyo

Mama Upendo: Babu kasogea hapa nimemsomea yote, anasema niandike. Anasema mwaka 1972 wakati wa ile kampeni ya serikali ya Siasa ni Kilimo bwana shamba alikuja hapa na baiskeli, akakaa kijijini mwezi mzima, wakaambiwa wapande kwa mistari, asiyepanda anaitwa ofisini. Anasema walipanda kwa kuogopa na alipoondoka wengi waliacha. Huyu wa sasa anamuona anauliza kwanza mkulima mwenyewe ameona nini shambani, na yeye Babu kamuonyesha magugu ambayo bibi shamba alikuwa hayajui

Shangazi: Asante baba. Ni kweli kabisa, aliandika kwenye daftari lake

Neema (Dar): Babu shikamoo 🙏🏾

[siku ya pili]

Mama Upendo: Nimetoka shambani, nimelowa umande mpaka kiunoni. Mahindi 100, yenye dalili mpya 13. Mayai nimekuta vichungu 6 nimeponda vyote, viwavi nimeokota kopo zima kuku wanafurahia

Shangazi: Umefanya vizuri sana mwanangu. Nimemtumia hesabu yako na picha, kajibu msipulizie. Rudia kuhesabu baada ya siku 3 au 4, ikipanda mpaka 20 atatuambia dawa ipi na kipimo gani kwa bomba la lita 16, na Festo utavaa barakoa na glovu hata kama ni shamba dogo

Festo: Sawa shangazi. Kwahyo ile 30 ya Neema?

Neema (Dar): Ongezeeni mbolea ya kukuzia, si mahindi yanakaribia magoti?

Shangazi: Hapo sasa. Baba Upendo alijiandikisha mbolea ya ruzuku? Kama taarifa za heka zake hazijahuishwa apite kwa mtendaji wa kijiji na bibi shamba wahakiki, bila namba ya mkulima duka halimpi kwa bei ya ruzuku

Mama Upendo: Namba anayo, heka bado zinasoma 2 na sasa tunalima 3. Nitamwambia apite leo

Baba Mdogo: Dada nimeongea na majirani wa bondeni, tupo kaya 14 tunataka kukutana. Muulize bibi shamba ijumaa anaweza? Tukae shambani kwa Mama Upendo, aje mara moja atukute wote

Shangazi: Kakubali. Ijumaa saa 1 asubuhi, kila mtu aje na daftari na mhindi mmoja kutoka shambani kwake, aung'oe na mizizi yake. Mdogo wangu usisahau kumwita na yule jirani wa jumapili

Baba Mdogo: Nampitia jioni hii