Mada: "Ballpark figure" katika mahojiano ya SNAP

Kutoka Lexington:
Ndugu zangu, salamu. Katika mahojiano ya SNAP (msaada wa chakula wa serikali hapa Marekani) kwa simu, afisa alitaka "ballpark figure" ya kipato changu. Nilipomwuliza anazungumzia uwanja gani, aliandika kwamba nimekataa kutaja kipato, na sasa nimepokea barua ya kunyimwa. Je, nikate rufaa, au nijaze fomu upya kwa pay stub (hati za malipo ya mshahara) zilezile?

Kutoka Columbus:
Pole sana, kaka. Alitaka kadirio tu, si hesabu ya senti kwa senti. Usemi huo umetoka kwenye besiboli ("ballpark" ni uwanja wake), kama ilivyo nusu ya Kiingereza cha kazini hapa. Msimamizi wangu wa ghala aliniambia "strike two" nilipochelewa, nami, nikijua "strike" ni mgomo, nikamjibu kwa dhati kwamba sijawahi kushiriki mgomo wowote. Kumbe lilikuwa onyo la pili: kwenye besiboli, mpigaji akiukosa mpira mara tatu anatolewa.

Kutoka Dallas:
Dada, tuwe makini tunapofundishana. Si kuukosa peke yake: mpigaji akiuacha mpira mzuri upite bila kuupiga, nayo huhesabiwa strike. California ilitunga sheria ya "three strikes", ya adhabu kali kwa anayerudia makosa ya jinai, mwaka 1994, na watu wamefungwa maisha kwayo, kwa hiyo usemi huu si wa kupuuzwa. Ndugu wa Lexington adai mkalimani kwa Executive Order 13166, amri ya rais kuhusu huduma kwa wasiojua Kiingereza vizuri.

Kutoka Minneapolis:
Amri hiyo ya mwaka 2000 ilifutwa Machi 2025, Kiingereza kilipotangazwa kuwa lugha rasmi ya Marekani; tafadhali tusipotoshane. Bado ipo Title VI, sehemu ya sheria ya haki za raia ya 1964 inayokataza ubaguzi kwa sababu ya asili ya mtu, na mkalimani adaiwe kwa hiyo. Inaniuma kwamba nyumbani, ukisema afisa wa ardhi amekupiga chenga, hata bibi asiyewahi kutazama mpira anakuelewa na kukupa pole, ilhali hapa mtu mzima mwenye elimu yake anaandikwa mkaidi kwa sababu ya mchezo ambao hakukua nao.

Kutoka Columbus:
Title VI naiheshimu, lakini nilipopewa mkalimani kliniki, daktari alisema "rain check", naye akanitafsiria hundi ya mvua. Maana yake ilikuwa miadi imeahirishwa, kama tiketi ya mechi iliyokatizwa na mvua inavyokuingiza siku nyingine. Tangu hapo, hata mkalimani akiwepo, namwomba anayenihoji aseme kwa maneno ya kawaida, kisha narudia nilichoelewa kabla hajaandika chochote.